Sol ya Hubert

Kinanda cha Mama Berthe hakikufa kifo chake. Kiliuawa na umeme, tena mchana kweupe. Mtaa mzima wa Kabondo ulikuwa umeungoja umeme huo tangu juzi, na ulipofika ukafika na hasira zote. Taa ya sebuleni ikalia pa! Friji ya jirani ikatetemeka mpaka chupa zikagongana. Kutoka ndani ya mbao za kinanda ukapanda moshi mwembamba wa buluu, mzuri hata kuutazama, ukapita polepole juu ya picha ya harusi, ukatokea dirishani. Mama Berthe alikuwa jikoni anamenya ndizi za kuponda lituma. Alikuja na kisu mkononi, akasimama mlangoni, akautazama moshi ule mpaka ukaisha. Hakupiga kelele. Na wanawake wa Kabondo wanajua kupiga kelele, msiniulize, lakini hii ilimpita kimo.

Kilichomkata maini hasa si kinanda. Ni sol.

Sasa mtaniuliza, sol gani tena? Ngojeni, haraka ya nini.

Kinanda kile alikipata ujanani kwa mama mmoja Mgiriki aliyekuwa na duka la vitambaa mjini. Berthe alikuwa fundi wake wa kushona. Yule mama alipofunga mizigo kurudi kwao, akamwambia, chukua hiki, ndani ya ndege hakiingii. Berthe alikuwa amejifunzia harmonium kwa masista, na tangu atoke shuleni vidole vyake vilikuwa vinapiga juu ya meza, juu ya magoti, juu ya mgongo wa mtoto wa jirani anapombembeleza. Mume wake Hubert, mvuvi wa maporomoko, Mgenia wa kabila, damu na nyama, alikuja kukibeba kwa pirogi, mtumbwi wa kaka zake. Wakavuka nacho mpaka Lubunga, walikokuwa wamepanga chumba. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, ng'ambo haionekani, huku ulikotoka huoni, na Berthe amekaa katikati amekikumbatia kinanda. Mpaka leo akifumba macho anaviona vile vile, mbao nyekundu na weupe pande zote, na hajui kama ni pirogi inayokwenda au ni mto unaorudi nyuma. Hubert nyuma anapiga kasia na kunung'unika.

"Kintu kizito hivi," alisema, "na hakiliki!"

Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, wakahamia Kabondo. Siku moja tushi moja, kitufe kimoja cha kupigia kinanda, ikanyamaza. Ilikuwa ile ya noti ya sol, ya katikati, ambayo nyimbo zote za Berthe zikipanda lazima zikanyage hapo. Unaibonyeza, inashuka, inapanda, kimya. Jioni hiyo Berthe alikuwa anapiga wimbo wake wa kufungia siku, akafika penye sol, akakuta shimo. Na kule barazani Hubert, anasuka kikapu chake cha kutegea samaki, hata kichwa hakuinua, akalijaza shimo lile kwa koo lake.

"Eeeee!"

Wala haikuwa eee ya kanisani. Ilikuwa ile ya maporomoko. Pale kwenye maji, wanaume wakiwa wanasimamisha miti mikubwa ya kutundikia mitego, ngurumo ya maji inakula maneno yote. Basi mmoja anapanda juu ya jiwe, anavuta sauti moja ndefu, iliyonyooka, na wenzake wote wanavuta kamba juu ya sauti hiyo. Ikikatika, mikono inalegea na mti unaanguka. Katika kundi lao mvutaji wa sauti alikuwa Hubert, kwa sababu sauti yake haikuwa na kukatika. Hata watu wa makundi mengine walikuwa wanakuja kumwazima.

Jioni ile mke na mume walicheka mpaka lituma ikaungua sufuriani. Fundi alipokuja kutengeneza, Berthe alimpa chai, akamuulizia watoto, akamrudisha kwao. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Ndani kinanda, nje sol. Watoto wa avenyu wakajifunza nyimbo pale dirishani, na parokiani mwalimu wa kwaya akawa anajishika kichwa. Mbona watoto wa avenyu hii moja wakifika penye sol wananyamaza wote, halafu mmoja anapiga ukelele wa wavuvi? Aliapa kwamba wanamdhihaki. Maskini, wao walijua ndivyo wimbo ulivyo.

Halafu tension, presha ya damu, ikampanda Hubert. Ilimwangusha uani, ndoo ya maji mkononi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukaanza kuburuta, na maneno yakampotea yote, hata jina la mke wake, hata neno maji. Alikuwa anakutazama kwa macho yale yale ya utani, anafungua mdomo, na hakuna kitu. Berthe alilia mbele yake, akalia nyuma ya nyumba, akachoka. Siku moja jioni, bila kujua afanye nini na mikono yake, akaenda akakaa penye kinanda. Akapiga. Akafika penye shimo.

"Ee," barazani.

Fupi. Yenye kukwaruza. Pumzi haikutosha hata kuvuta kamba ya mbuzi. Lakini ni yeye! Hubert mzima alikuwa amejificha ndani ya noti moja. Tangu hapo Berthe hakukosa jioni hata moja yenye umeme. Wengine wanawasha redio, wengine wanakwenda kwa jirani kusengenya. Yeye alikuwa anamwita mume wake, na mume wake alikuwa anaitika, na siku inafungwa vizuri.

Sasa mnaelewa moshi ule ulikuwa umebeba nini.

Baada ya hapo Hubert hakutoa sauti tena. Jioni ikifika anageuza kiti kuelekea dirisha, anangoja. Berthe alijaribu kumwimbia kwa mdomo, akiacha nafasi penye sol. Hubert alimtazama tu kwa huruma, mtu mzima anavyomtazama mtoto anayecheza duka kwa kokoto. Watoto wao walioko Kinshasa walichanga, wakapiga simu, wakasema, Mama, usijitese, nunua kingine, nunua kipya. Kipya! Berthe aliikata simu, akakaa kitandani. Kinanda kipya kina sol. Kina sol nzima, safi, inayolia ukiigusa. Na penye sol nzima, Hubert ataitika wapi?

*

Alikwenda kwa Papa Mahmoudi, karibu na soko kuu. Papa Mahmoudi ni wa moja ya zile familia za Kiislamu za zamani, za babu wa babu waliokuja na biashara. Ni mtu wa kofia nyeupe na maneno ya taratibu. Anauza magitaa, spika, mikrofoni na vinanda. Makanisa yote ya mji yanapita kwake, na yeye anasikiliza nyimbo zao zote kwa adabu, saa ya swala anafunga mlango, anaenda zake, anarudi.

Berthe hakwenda peke yake. Alikwenda na Yolande, dada wa Hubert, mwenye mdomo usio na mlango.

"Bokilo," Yolande alimwambia njiani, maana ndivyo wanavyoitana wao kwa wao mawifi, "leo usianze mambo yako ya kusinzia ukiwa wima. Tunaingia, tunachagua, tunatoka."

Lakini duka lile lenyewe lilikuwa la kusinzia. Nje joto, ndani kiza kidogo chenye harufu ya udi na ya plastiki mpya. Jua lilipenya kwenye tundu za bati, vumbi likawa linaelea ndani yake bila haraka. Magitaa yalining'inia kimya. Toleka, baiskeli za kubeba abiria, zilipita barabarani, kengele zao zikaingia mlangoni zikiwa zimechoka, na Berthe akahisi amesimama chini ya maji, mahali pasipo na mkondo. Angeweza kukaa hapo mpaka watu wamsahau.

"Karibu, mama," alisema Papa Mahmoudi. "Iko ya kanisa ao ya nyumba?"

"Ya nyumba, papa."

"Bon. Ya nyumba njo muzuri, haina magomvi ya kwaya." Akamwonyesha kimoja cheusi, chembamba, kipya ndani ya nailoni yake. "Hii iko nyepesi, hata mutoto anabeba. Courant ikienda, inakula betri. Na ona sasa utamu wake." Akamvika Berthe spika za masikioni, zile kubwa za kufunika. "Unaweka hivi, unapiga sawa vile unataka, na mutu mwenye kulala pembeni yako hasikii kitu."

"Hasikii?"

"Hata kidogo!"

Berthe akazivua taratibu, akaziweka mezani. "Papa," akasema, "mie ninapiga ili asikie."

Yolande kwa upande wake alikuwa ameshagundua kitufe cha maonyesho. Akakibonyeza, na kinanda cheusi kikaanza kupiga rumba chenyewe, gitaa, ngoma na tarumbeta, hakuna mkono juu yake. Yolande akashika kiuno. "Mama yangu! Bokilo, hii iko mashini! Inapiga yenyewe, weye unapika, Hubert anakula!" Akacheza pale pale, mama mzima wa wajukuu, mpaka dereva wa toleka mmoja akasimamisha baiskeli kuangalia. Papa Mahmoudi alizima rumba kwa kidole kimoja, akatabasamu kwenye ndevu zake.

Ndipo Berthe akaanza kuchagua, na nawaambia, tangu duka lile lifunguliwe hakuna mtu aliyechagua namna ile. Alikisogelea kinanda cheusi, akatafuta sol ya katikati, akaibonyeza. Akasikiliza. Akaiacha. Akabonyeza sol hiyo hiyo tena. Akahamia kinanda cha pili, cha rangi ya fedha. Sol. Akahamia cha tatu. Sol. Akarudi cha kwanza. Sol.

Papa Mahmoudi alivumilia kadiri ya malezi yake, halafu akakohoa. "Mama, samahani. Iko na noti zingine mule."

"Ninajua, papa."

Hakuwa anatafuta iliyo nzuri. Alikuwa anatafuta iliyo mbaya. Ya kinanda cheusi ilikuwa nyembamba, ya bati, haina tumbo. Hiyo ilimpa moyo. Akawaza, sol dhaifu namna hii haitamtia Hubert aibu, atasikia ilivyo ya kitoto, labda hata atacheka, na akicheka sauti itatoka. Akasimama akikiota kile cheusi pale sebuleni, pembeni ya dirisha, na jioni inaingia, na barazani...

"Na ile?" Yolande akauliza, akinyoosha kidole nyuma ya duka, kwenye kitu kilichofunikwa kwa shuka.

"Ile iko ya zamani," alisema Papa Mahmoudi. "Ilipanda na boti kutoka Kinshasa. Mwenyewe alikuwa muzee mumoja, alienda kuishi kwa watoto yake. Batu ya sasa hawaitaki. Haina rumba, na haibebeki." Lakini alipoivua shuka, aliivua kwa upole.

Kilikuwa cha mbao, ngazi mbili za tushi, benchi lake la watu wawili, miguu yake imara. Papa Mahmoudi akakiunganisha na umeme. Kikaguna kidogo ndani, kikatulia. Berthe akakaa. Akaweka kidole kwenye sol.

Na duka likaondoka. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Magitaa, vumbi, Yolande na rumba yake, vyote vikaenda. Ukungu ukatanda pande zote, maji yakawa chini yake, na juu ya maji sauti moja ndefu, iliyonyooka, yenye kifua. Haikukwaruza wala haikutetemeka. Ilikuwa sauti ya Hubert. Si ya Hubert wa barazani, la hasha, ya yule wa juu ya jiwe, kijana, shingo imesimama, watu wote wakivuta juu ya pumzi yake moja. Berthe hakuwa ameisikia sauti ile kwa muda mrefu hivi kwamba alikuwa amesahau kwamba ameisahau. Machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa.

Akaondoa kidole haraka, mtu aliyegusa chungu cha moto.

"Hapana," akasema. "Hii hapana. Papa, funika."

"Haisikiki muzuri?"

"Inasikika muzuri sana! Njo maana." Akageuka, akajipangusa kwa kanga, na sauti ikamtoka ndogo. "Papa Mahmoudi, usinicheke. Hauna hata moja yenye sol imekufa?"

Mzee wa watu akavua kofia, akairudisha. Katika biashara yake watu walikuwa wamemletea vinanda vibovu ili aviponye. Hakuna aliyewahi kuja kuomba ugonjwa. Lakini hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa, akasema, "Mama, nielezee," na Berthe akamweleza yote, mto, na shimo, na eee ya barazani, na tension, na moshi. Yolande alijifanya anaangalia magitaa, lakini alikuwa anapenga kamasi.

Papa Mahmoudi akafikiri. Akachukua bisibisi kwenye droo.

"Sikiliza," alisema. "Hii ya nyeusi, ninafungua chini, ninatoa kampira kamoja, sol inalala. Kampira nakufungia mu karatasi. Siku unataka, nairudisha. Hata mutu hatajua."

Berthe aliutazama mkono ule na bisibisi. Moyo ulisema ndiyo, ndiyo, fungua. Alishaona kila kitu, kinanda chepesi, shimo mahali pake pa zamani, mume wake ameitika. Alikuwa tayari ameshafungua mdomo.

"Koma!" Ilikuwa Yolande. Aligeuka na macho mekundu, na hasira zake zilikuwa za kweli, si zile za kila siku. "Bokilo, weye unamuona kaka yangu mutoto? Unataka kumununulia kilema ili asijione kilema? Kinywa chake kilikufa, kichwa hakikufa! Ataangalia kitu kipya, kinang'aa, na sol haiko, pale pale penye haikukuwa. Atajua hapo hapo. Na hana hata maneno ya kukutukana nayo!"

Berthe aliona aibu, aibu ya moto mpaka masikioni, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Halafu akakasirika, kwa sababu ni rahisi mtu kusema kweli wakati jioni si yeye atakayeketi na ule ukimya.

"Basi nichague gani, Yolande? Sema weye!"

"Chagua yenye mikono yako inapenda. Ya Hubert, Hubert atajua."

Papa Mahmoudi akarudisha bisibisi kwenye droo bila kelele. Berthe akasimama katikati ya vinanda viwili, kile cheusi na kile cha mbao, muda ambao hata yeye hajui. Mwishowe akaweka kiganja juu ya mbao. Zilikuwa na uvuguvugu wa jua.

"Hii," akasema. "Bila kuondoa kitu. Sol nitairuka mie mwenyewe kwa kidole yangu."

Papa Mahmoudi akaongeza kijisanduku cha kutuliza umeme, stabilizateri, akasema, courant ya Kabondo ni adui, nisikudanganye, usikiwashe bila hii.

*

Walikipeleka kwa mkokoteni, vijana wawili wakisukuma, Yolande mbele akifukuza pikipiki kwa mwavuli, Berthe nyuma akitembea mkono juu ya mbao. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa mto, mwanga umekuwa wa manjano, na mji wote ulionekana umepakwa mawese. Watu walisimama kuwapisha. Mmoja alivua kofia, akidhani ni jeneza. Berthe hakumsahihisha, maana hata yeye hakujua bado anasindikiza nini.

Hubert alikuwa barazani. Alikiona kinapanda ngazi, kinageuzwa, kinagonga fremu ya mlango, kinaingia. Macho yake yalikifuata mpaka mwisho. Kisha yakamgeukia mke wake, na Berthe akayakimbia, akaenda kutafuta soketi.

Jioni ikaingia na mvua haikunyesha. Hewa ilisimama. Yolande alisema anakwenda kwake, lakini alikaa pale uani kwenye mbao ya kufulia, akijifanya anachambua mboga. Berthe akawasha. Kinanda kikaguna, kikatulia. Akaanza wimbo wake wa kufungia siku, na oh, mikono ilikuwa inakumbuka! Mbao ngeni zikajaza nyumba kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa imewahi kuijua, ya chini na ya joto, ikatoka dirishani, ikapita juu ya bati za majirani. Wimbo ukapanda. Penye sol, Berthe akainua kidole.

Shimo.

Hakuna kitu. Jogoo wa mtu akawika mbali.

Akaendelea. Ubeti wa pili ukapanda. Shimo. Akalifanya refu kidogo, akalingoja. Barazani kimya. Akasema moyoni, Hubert, baba, ee moja tu, hata iliyovunjika. Ubeti wa tatu aliupiga polepole sana, mtu anayefungua mlango wa mgonjwa, akainua kidole, akafumba macho.

Kimya kile nimekisikia mie mwenyewe nikisimuliwa, na kinanitia baridi.

Berthe akapiga ngumi juu ya magoti yake. "Njo hivyo?" akapaza sauti kuelekea dirishani, na haikuwa sauti ya upole. "Njo hivyo, Hubert? Nimekuachia! Nimekuachia nafasi yako yote, na weye unaninyamazia? Nifanye nini tena? Niungue na mie?"

Kiti kikalia barazani. Ikafuata fimbo, kisha mguu unaoburuta, kisha fimbo. Pazia la mlango likasogea na Hubert akaingia, mrefu, amepinda upande, anahema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekasirika, na Berthe, nasema kweli, alifurahi kumwona amekasirika. Alikuja mpaka penye kinanda. Akaiegemeza fimbo. Akatazama tushi zile nyeupe na nyeusi, ngazi mbili, nyingi hivyo, na katika miaka yote ile ya kuishi na kinanda hakuwa amewahi kugusa hata moja.

Mkono wa kushoto ukainuka. Kidole kikatafuta, kikashuka penye fa, kikatoa sauti. Hubert akatikisa kichwa. Akasogea kimoja.

Sol.

Ikatoka nzima, ndefu, na kifua chake chote. Hubert akashtuka, akaondoa kidole nusu, akakirudisha, akakikaza. Sol ikabaki. Alikuwa anaisikiliza mdomo wazi. Akavuta pumzi, na sol haikukatika. Akaitoa pumzi, akavuta nyingine, na sol ilikuwa bado imesimama pale, imenyooka, hakuna aliyeiangusha. Uso ukaanza kumfunguka taratibu kutoka machoni, na bega lake lile zima likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Hakuna sauti iliyotoka kooni, na nisiwadanganye, haikutoka tena mpaka leo. Lakini alikuwa anacheka mpaka machozi, kidole hakibanduki, na uani Yolande alikuwa anaita jina la Mungu juu ya mboga zake.

Berthe hakujua la kufanya, basi akafanya analolijua. Akarudisha mikono kwenye tushi na kuanza wimbo upya, chini ya sol ile, pembeni yake, akiizunguka. Mahali pengi iliingia vizuri. Mahali pengine iligombana na fa mpaka meno yakauma, na hakuna aliyejali. Alivuta wimbo wote juu ya sauti ile moja, ubeti baada ya ubeti, na Hubert amesimama juu yake ameishikilia, shingo imenyooka.

Wimbo ulipoisha, Berthe aliondoa mikono. Sol haikuondoka. Jiko lilikuwa linafuka, chakula kinangoja, giza linaingia chumbani, na sol imejaa tele. Berthe akasogea kwenye benchi, akampigia mahali pembeni yake, na Hubert akakaa, kwa tabu, bila kuinua kidole.

"Turudie?" Berthe akamuuliza.

Hubert akakiinua kidole hewani kumjibu ndiyo, halafu haraka haraka akakirudisha, asije mtu mwingine akaichukua.